Yule wa Tendaguru kule Berlin: mifupa kweli au plasta?

*"Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mzaliwa wa Lindi, sasa naishi Ujerumani. Majuzi nilimpeleka mwanangu wa miaka tisa Berlin, kwenye makumbusho ya viumbe, akamwone yule mjusi mkubwa aliyetoka kwetu Tendaguru. Nilikuwa nimejaa fahari mpaka baba mmoja aliyesimama karibu yetu alipotuambia kuwa ile si mifupa, ni plasta iliyopakwa rangi. Akasema kichwa ni cha bandia, mwili umeungwa kwa vipande vya wanyama mbalimbali, na mifupa yenyewe imefichwa stoo. Mwanangu akaniuliza, 'Mama, kwa hiyo ni uongo?' Nilikosa jibu. La pili, kaka yangu analima upande wa bonde la Mbwemkuru. Baada ya mvua aliokota jiwe zito lenye umbo la mfupa, refu kama kutoka kiwiko hadi vidole, na anasema kuna jingine limechomoza ukingoni mwa korongo. Kuna mtu ameshafika bei. Kaka anauliza, auze, au anitumie mimi huku niwapelekee watu wa makumbusho walipime? Nieleze taratibu, maana mambo haya sikuyasomea."*

Dada yangu, nianze na lenye haraka. Mpigie kaka yako leo umwambie asiuze, asikutumie, na lile lililochomoza korongoni asiliguse kabisa. Sababu nitakupa huko mbele, na utaona kwamba zinatoka palepale linapotoka jibu la mwanao.

Sasa mtoto. Mwambie si uongo. Sehemu kubwa ya kiunzi cha dinosaria yule wenu, Giraffatitan, ni mifupa halisi iliyochimbwa Tendaguru, wakati wa msafara wa Wajerumani wa mwaka 1909 hadi 1913. Miguu ile mliyosimama chini yake ni mifupa. Mbavu nyingi ni mifupa. Mkirudi tena, mwonyeshe mfupa wa mguu wa mbele unaotoka begani kushuka kwenye kiwiko. Una urefu wa sentimita 213, mfupa mmoja tu, na karibu kila mtu mnayemfahamu ni mfupi kuliko huo. Autazame kwa makini: ataona nyufa nyembamba zilizozibwa, na mahali ambapo vipande vilivyovunjika vimeunganishwa. Hiyo ni kazi ya mafundi wa Berlin waliokaa miaka mingi wakiunga vipande vilivyofika kutoka Lindi.

Yule baba hakuzua, alichanganya habari. Katika ukumbi uleule yupo dinosaria mwingine mrefu, Diplodocus, na huyo ndiye wa plasta kweli. Mifupa yake ya asili iko Pittsburgh, Marekani. Tajiri wa chuma Andrew Carnegie alitengenezesha nakala na kuzigawa kwa makumbusho ya nchi kadhaa: London walipata yao mwaka 1905, Berlin mwaka 1908. Ile ya London ilikaa ukumbi mkuu hadi mwaka 2017, ilipompisha nyangumi wa buluu, na watu wengi waliokulia Ulaya wamejifunza kwa nakala hizi kwamba "dinosaria wa makumbusho ni plasta". Kwa Diplodocus wa Berlin wako sahihi. Kwa wenu wamekosea.

Hata hivyo, kichwa kile kilichoko juu ni nakala, na pingili za shingo na za mgongo nazo zimetengenezwa. Hapo yule baba alisema kweli, ila hakusema kwa nini. Mnyama huyu alipokuwa hai, mapafu yake yalikuwa na mifuko ya hewa iliyopenya hadi ndani ya pingili, kama ilivyo kwa ndege wa leo. Ndiyo maana aliweza kubeba shingo ya mita nane na ushei bila kuanguka kifudifudi: pingili zake zilikuwa kuta nyembamba za mfupa zenye hewa katikati. Alipokufa na kufukiwa, madini yaliingia katika zile nafasi. Leo pingili ni nzito kwa sababu ni jiwe, na ni dhaifu kwa sababu kuta zake ni zilezile nyembamba. Ukiitundika angani kwenye chuma itajivunja kwa uzito wake yenyewe. Fuvu nalo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mafundi walichonga mifano wakifuata ya asili, na ya asili ikahifadhiwa mahali watafiti wanapoweza kuishika, kuipima na kuipiga picha za eksirei. Hiyo ndiyo "stoo" ya yule baba. Kwa mtafiti, mfupa ulioko kwenye rafu una faida kuliko ulioko mita 13 juu ya kichwa chake.

Na kuungwa kwa wanyama mbalimbali? Ndiyo, kwa kiasi, na hakuna anayelificha. Sehemu kubwa ni ya mnyama mmoja aliyepewa alama SII. Herufi S ni jina la shimo la uchimbaji, karibu na kilima chenyewe cha Tendaguru, na namba mbili ya Kirumi inamtenganisha na mwenzake mdogo aliyekutwa shimo hilohilo. Mkia umetoka kwa mnyama mwingine wa aina ileile. Pale ambapo mfupa wa upande mmoja ulikosekana, waliutengeneza kwa kufuata wa upande wa pili. Kazi hii ina masharti yake. Nyuso za viungo lazima zikae, uwiano wa urefu lazima ulingane na mifupa iliyokutwa pamoja, na zaidi ya yote lazima ijulikane kila mfupa ulitoka shimo gani na tabaka gani la udongo. Bila daftari la shimo, mtu angeweza kuunganisha kiboko na twiga akamwita mnyama mpya.

Shika hilo la daftari la shimo, dada, maana jibu la kaka yako limo humo.

Mwanao huenda akauliza kama huyu ndiye mkubwa kuliko wote. Kwa urefu wa kwenda juu, kiunzi hiki cha mita 13.27 kimo kwenye rekodi za dunia miongoni mwa viunzi vilivyosimamishwa makumbusho. Lakini hata Tendaguru kwenyewe kulikuwa na mkubwa wake: kuna mfupa mmoja wa muundi wa mguu wa nyuma unaozidi wa huyu kwa takriban asilimia 13. Uzito wake bado unabishaniwa. Zamani walitaja hadi tani 78, siku hizi makadirio mengi yako kati ya tani 23 na 40, na tofauti inatokana na jinsi kila mmoja anavyokisia nyama na hewa iliyokuwamo mwilini. Na akikuta kitabu cha zamani kinamwita Brachiosaurus asishangae. Werner Janensch, aliyemweleza kitaalamu mwaka 1914, alimweka kundi moja na mnyama wa Colorado. Baadaye, hasa baada ya uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009, ilionekana wametofautiana mno, ndiyo maana leo anaitwa Giraffatitan.

Umemwita mjusi, kama tunavyomwita wote nyumbani, na sikulaumu. Ila kosa hilohilo liliwahi kusimamishwa kwa chuma palepale Berlin. Kiunzi kilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1937, miguu ya mbele ilipindishwa viwiko nje kama ya mjusi, na mkia ukaburuzwa sakafuni. Mjusi hukaa hivyo kwa sababu mapaja yake hutokeza pembeni. Dinosaria hawakuwa hivyo, ndugu zao walio hai wa karibu kabisa ni ndege, wakifuatiwa na mamba. Viungo vya nyonga na mabega vinaonyesha miguu ilisimama wima chini ya mwili, na nyayo zilizogeuka mawe sehemu nyingi duniani zinakubaliana: nyayo za kushoto na kulia ziko karibu karibu, na mara chache sana utaona mfuo wa mkia katikati. Kwa hiyo kati ya mwaka 2005 na 2007 waliking'oa kiunzi chote, wakakisafisha, wakakisimamisha upya miguu ikiwa imenyooka na mkia hewani. Lililobaki na ubishi ni shingo. Wapo wanaosema aliinyanyua juu kama mlivyomwona, wapo wanaoona aliishusha zaidi, kwa sababu kusukuma damu hadi kichwani kwa urefu ule kungedai moyo wa nguvu za kutisha. Mimi naegemea kwa wanaoinyanyua, maana mnyama mwenye miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma anaonekana ameumbwa kula juu. Lakini simcheki anayesema vingine.

Lindi ya wakati huo, miaka milioni 150 hivi iliyopita, ilikuwa pwani. Palikuwa na wangwa, mchanga uliozuia maji na kufanya maziwa ya chumvi, na nyuma yake misitu ya misonobari ya kale. Bahari ilipanda na kushuka, ndiyo maana ukichimba Tendaguru unakuta tabaka lenye mifupa ya dinosaria, juu yake tabaka lenye kombe za baharini, kisha mifupa tena, mara tatu. Mzoga uliofukiwa upesi na tope uliepuka kuliwa na kuoza wote. Maji ya ardhini yenye madini yalipita ndani yake karne baada ya karne, yakaacha madini katika kila tundu. Kisha ardhi ikanyanyuka, mvua zikaanza kuila, na mifupa ikachungulia. Mvua iliyomfunulia kaka yako korongo ndiyo hiyohiyo, haijaacha kazi.

Vibao vya makumbusho vitakutajia mhandisi Bernhard Sattler aliyepeleka habari mwaka 1906, halafu Janensch na mwenzake Edwin Hennig. Wenyeji walikuwa wakiijua ile mifupa kabla ya Sattler kutia mguu pale, na waliochimba ni wao, mamia kwa msimu, katika nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Wakoloni waliitangaza ardhi ile kuwa ya dola, na tani zipatazo 225 za mifupa zikabebwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku nne hivi hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Yeye na wasimamizi wenzake ndio waliojua mfupa unaishia wapi na udongo unaanzia wapi, ufundi ambao hakuna profesa anayeupata darasani. Mwaka 1919 dinosaria mdogo wa Tendaguru alipewa jina la Jenerali von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambaye hakuchimba hata kijiko. Boheti alisubiri hadi mwaka 2007, Australodocus bohetii ilipoandikwa. Mwaka 2019 ikafuata Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya msimamizi Mohammadi Keranje. Majina haya mawili mfundishe mwanao.

Hukuuliza kama mifupa irudi, lakini najua swali hilo halitachelewa kufika mezani kwenu, kwa hiyo nitasema kidogo. Hoja kwamba kiunzi hakiwezi kuhamishwa kwa sababu ni dhaifu haina miguu: kilifunguliwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kikafunguliwa tena mwaka 2005. Hoja nzito ni gharama, jengo na mafundi wa kukitunza, na hizo zinajadilika kati ya serikali na serikali. Binafsi ningeanza na vile ambavyo watalii hawavioni, yaani madaftari ya mashimo yaliyoandikwa kwa Kijerumani na mifupa mingi iliyoko kwenye rafu, ambayo mwanafunzi wa Dar es Salaam anapaswa kuifikia bila kuombaomba viza.

Haya, jiwe la kaka.

Kwanza, inawezekana kabisa si mfupa. Bonde lile lina mawe ya chuma na ya chokaa yanayojifinyanga maumbo ya kila namna, lina miti iliyogeuka jiwe, na lina mifupa ya tembo na ng'ombe wa juzi tu. Umbo pekee halitoshi. Mwambie atazame mahali palipovunjika zamani (asivunje upya!). Mfupa una ganda gumu lililoshikana nje na vijitundu ndani, mithili ya mkate uliokatwa, hata kama vijitundu vimejaa madini. Jiwe la kawaida lina sura moja nje na ndani, au lina matabaka kama ya kitunguu. Likiwa na nyuzi ndefu zinazokwenda upande mmoja, huenda ni mti. Wazee wa kazi hii hugusisha ulimi: kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe yaliyogeuka jiwe, kikiwa na vijitundu hunata kidogo. Ni kipimo cha kubahatisha, kwa kuwa na udongo mkavu hunata pia, na sikishauri kwa kitu kilichokaa korongoni ng'ombe wanakonywa maji.

Pili, asilioshe, asilipake vanishi wala gundi, asilichokonoe kwa kisu. Kwa kuwa la kwanza ameshaliokota, aliweke kwenye boksi lenye karatasi, mahali pakavu, na aandike leo, kabla kumbukumbu haijafifia: aliliokota wapi hasa, lilikuwa limelala upande gani, udongo ulikuwa wa rangi gani, lilikuwa limeshikwa na ardhi au lilikuwa huru. Apige picha likiwa na rula au kalamu pembeni ili ukubwa uonekane. Kisha arudi korongoni apige picha lile la pili, kwa karibu na kwa mbali, ukingo wote uonekane, na achukue alama ya mahali kwa simu. Asilichimbe. Jiwe lililotolewa bila maelezo haya limeshapoteza zaidi ya nusu ya yale ambayo lingeweza kutuambia, hata likiwa zima kama yai. Kiunzi cha Berlin tunakiamini kwa sababu kila mfupa una shimo lake kwenye daftari. Na pale linapochomoza moja, mara nyingine kuna wenzake ndani.

Tatu, sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inagusa pia visukuku vya wanyama. Inamtaka aliyegundua atoe taarifa, na inazuia kuchimba au kusafirisha nje bila kibali. Kwa hiyo hilo la kukutumia wewe Ujerumani lifute. Litakuweka wewe na kaka yako matatani, na makumbusho makini haitapokea kisukuku kilichofika mkobani. Anayefika bei naye haondoi kosa kwa kulipa, anamwachia kaka yako kosa na hela ndogo. Vipande vya mfupa mmoja mmoja kwa kawaida havina bei kubwa, hadithi za mamilioni huletwa na mtu anayetaka kitu kingine. Na akitokea wa kudai "ada ya vipimo" au "ada ya kibali" kwa simu, ni tapeli.

Wa kumwona ana kwa ana ni hawa. Aanze na ofisi ya mtendaji wa kijiji, ili pawe na kumbukumbu ya maandishi, kisha afisa utamaduni wa halmashauri, ambaye kazi yake ni kuifikisha taarifa Idara ya Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii. Sambamba na hapo, picha na maelezo yapelekwe Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, au kwa walimu wa akiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nao wanaweza kusema kwa picha tu kama panafaa mtu kusafiri. Kama ukingo unaonekana utabomoka mvua zijazo, aliandike hilo mstari wa kwanza, linabadilisha mwendo wa kushughulikiwa.

Sitakudanganya kwamba watakuja kesho. Inaweza kuchukua miezi, anaweza kujibiwa kuwa ni jiwe tu, na hata likiwa mfupa kweli asitegemee mfuko wa fedha. Anachoweza kudai, na ningemshauri adai, ni jina lake na la kijiji kuandikwa kwenye kumbukumbu ya ugunduzi, na kupewa nakala ya taarifa aliyoitoa. Katika mikoa ya kusini magharibi, Mtuka kule Songwe, dinosaria aliyetangazwa mwaka 2019 anabeba jina la mahali alipokutwa: Mnyamawamtuka moyowamkia. Si jambo la ajabu kwa kijiji kutaka hivyo.

Picha akizipata unaweza kunitumia nami nizitazame, za rula na za ukingo wote. Alama ya mahali usiiweke kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, maana anayefika bei huenda naye yumo.